Begi la Sekondari Lisilokatika Mkanda Kabla ya Midtemu: Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Mombasa

Kila mwaka mambo ni yale yale. Januari mzazi ananunua begi linang'aa, mtoto anapigwa picha nalo siku ya kwanza, Februari haijaisha mkanda ushang'oka pale juu, zipu imekwama nusu njia na vitabu vimefungwa kwa pini. Mzazi anarudi sokoni, ananunua lingine la aina ile ile, kwa haraka ile ile, alafu anauliza mbona mabegi ya sku hizi ni mabovu.

Mabovu yapo, tena mengi. Lakini hata begi la bei linakatika kama lilichaguliwa kinyumenyume, manake wengi wetu tunanunua begi kwanza ndio baadaye tunajua litabeba nini. Hapa tunageuza: mzigo kwanza, mgongo wa pili, begi mwisho. Na ukiwa Mombasa ongeza jasho, chumvi ya bahari na hewa ya unyevunyevu, vitu ambavyo mwenye kukushauri kutoka bara hata havimjii akilini.

Mwongozo huu ni wa mtoto anayeingia sekondari, Gredi 10 kwa mtaala wa sasa, ingawa wengine bado ulimi unasema fomu wani. Nimeuandikia zaidi mtoto wa kutwa, yule wa kwenda na kurudi kila siku. Wa bodingi ana sehemu yake huko chini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Barua ya kujiunga na shule, yenyewe au picha yake kwa simu.
- Futi ya fundi cherehani, ile laini ya kujikunja.
- Mizani ya kupimia mtu. Kama huna, ulizia kemisti ya mtaani, ama wale jamaa wa kupima watu uzito kando ya barabara.
- Pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili na chupa ya maji ya lita moja. Ukijumlisha unapata kilo 5, na huo ndio mzigo wa majaribio.
- Daftari moja la A4, likiwa la kava gumu ndio bora.
- Sumaku ndogo, hata ya kutoka spika iliyokufa.
- Simu yenye tochi.
- Kipande cha sabuni ya mche au mshumaa.
- Mtoto mwenyewe. Si dadake "wa saizi yake", si wewe kujipima mgongoni ukakisia.

Unga ufunge vizuri ndani ya kitambaa usije ukampaka mwenye duka mali yake.

## Hatua ya 1: Soma barua ya shule mpaka ukurasa wa mwisho

Wengi tunaisoma kwenye karo tu, alafu tunaiweka. Kuna shule zinataka begi jeusi au bluu iliyoiva, kuna zinazokataa begi lenye picha na maandishi, na za bodingi nyingi zinataka sanduku la bati lenye kufuli. Ukinunua kabla ya kusoma, mtoto anarudishwa getini na wewe unarudi sokoni na hasira.

Barua haisemi kitu kuhusu begi? Chukua rangi iliyokolea. Jeusi linashika joto juani, ni kweli, lakini vumbi na grisi ya matatu havionekani haraka, na rangi nyepesi wiki ya pili tu ishakuwa aibu.

## Hatua ya 2: Pima mzigo, si begi

Hapa ndipo watu wanaruka, na hapa ndipo begi linapokatikia.

Kaa chini na mtoto muandike anachobeba kwa siku moja nzito. Usikisie. Daftari la A4 la kurasa 200 lina kama gramu 350 mpaka 400, kwa hivyo madaftari sita peke yake ni zaidi ya kilo mbili. Ongeza vitabu viwili vitatu vya kusomea, kamusi, seti ya jometri, kikokotoo, chakula, maji. Maji ndio mzigo ambao watu hawauhesabu, lita moja ni kilo moja kamili, na kwa jua letu mtoto lazima abebe. Aliyechukua njia ya sayansi ana koti la maabara, wa michezo na sanaa ana viatu na nguo za mazoezi. Ukimaliza kuorodhesha, panga vitu vyenyewe sakafuni, au vinavyofanana navyo, uone vinachukua nafasi gani.

Sasa mpandishe mtoto kwenye mizani. Ushauri unaotolewa sana kuhusu mabegi ya shule ni mzigo usizidi asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 48, asilimia 10 ni kilo 4.8 na asilimia 15 ni kilo 7.2. Hio ni pamoja na begi lenyewe, ndio maana begi tupu lizito ni hasara kabla hata hujatia kitabu. Lisipite kilo moja likiwa tupu.

Ikiwa mzigo wenu umefika kilo tisa, hakuna begi la kuokoa hapo. Ulizeni kama shule ina makabati au madawati ya kufungika, mtoto aache vitabu huko, na abebe kulingana na ratiba ya siku. Chupa ya maji ijazwe nusu asubuhi ikiwa shule ina maji salama ya kunywa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na namba mbili kwa karatasi: kilo za mzigo wa siku nzito, na kilo ambazo mtoto huyu anafaa kubeba. La kwanza likiwa dogo au sawa na la pili, endelea.

## Hatua ya 3: Pima mgongo

Mwambie mtoto ainamishe kichwa. Pale chini ya shingo kuna mfupa unatokeza, shika futi hapo. Teremka nayo mpaka usawa wa juu ya mifupa ya nyonga, akiwa amesimama wima. Namba hio ndio urefu wa begi lake. Begi likizidi kidogo si kesi, lakini akivaa, kitako cha begi kisishuke zaidi ya sentimita 10 hivi chini ya kiuno. Likishuka zaidi linapiga makalio kila hatua, linamvuta nyuma, na yeye anajibu kwa kuinama mbele. Wale watoto unaowaona wanatembea wamepinda pale Buxton saa kumi na mbili asubuhi, wengi si wavivu, ni begi.

Upana pia. Begi lisitoke nje ya mabega. Mtoto mwembamba akibeba begi pana hapiti mlango wa matatu bila kumgonga mtu, na kila mgongano unavuta mshono.

Alafu kuna hili la "nimnunulie kubwa akulie". Sketi sawa, suruali sawa, inapindwa chini. Begi halipindwi. Na nafasi ikiwepo mtoto ataijaza, hio usibishane nayo, begi la lita 40 litabebwa lita 40 hata kama nusu ni takataka. Kwa mtoto wa kutwa lita 20 mpaka 30 zinatosha.

Andika urefu na upana. Namba hizo ndizo unazoenda nazo sokoni, muuzaji akikwambia "hili ni la fomu wani hili" unalipima kwa futi.

## Hatua ya 4: Jua kitambaa kinachostahimili hewa yetu

Ntakaa hapa kidogo manake ndio siri ya mabegi kufa mapema huku Pwani.

Begi jingi la shule ni poliesta. Tafuta kijilebo cha ndani, ukiona 600D ujue nyuzi zake ni nene kiasi cha kutosha shule. Ukiona 210D hio ni ya bitana, kama ndio kitambaa cha nje achana nalo. Hakuna lebo? Shika kitambaa kwa vidole viwili, kisugue pande mbili zisuguane. Kizuri kinakataa kidogo, kina uzito. Kibovu kinateleza na unahisi vidole vyako vinakutana.

Sasa geuza begi ndani nje. Ile ngozi nyembamba inayong'aa kwa ndani ndio inayozuia maji, na mara nyingi ni pakao la plastiki aina ya PU. Joto na unyevu vikikutana pakao hili linakufa polepole, linaanza kunata, alafu linabanduka vipande vidogo vyeupe vinavyoganda kwenye kava za vitabu. Na halihitaji kutumika ndio life, begi linaweza kuwa limekaa stoo tu miaka, jipya kabisa na tagi yake, na ndani lishaoza. Kwa hivyo weka kiganja chako ndani, kibonyeze kama sekunde tano, ukitoa ukihisi kunata, rudisha begi mahali pake. Mtumba ndio hatari zaidi kwa hili.

Ngozi bandia, ile ya kung'aa inayopendwa sana na wasichana, ina ugonjwa huo huo na inabandukia kwa nje. Kwa picha ya siku ya kwanza sawa. Kwa mwaka mzima Mombasa hapana.

Turubai la pamba ni gumu na fundi analishona vizuri, lakini likilowa ni zito, halikauki, na wakati wa masika linapata kuvu. Kama mtoto anapenda la turubai, hakikisha lina bitana isiyopitisha maji.

Vyuma sasa. Toa sumaku yako. Iguse kwenye kila pete, bakoli ya mkanda na kichwa cha zipu. Sumaku ikishika, hicho ni chuma kilichopakwa rangi tu, na kwa hewa ya chumvi kitashika kutu, kutu ikianza inakula uzi na inachafua shati jeupe. Isiposhika, ama ni plastiki nene, uko salama. Muuzaji atakuangalia vibaya na sumaku yako, mwache.

Upande wa mgongoni uwe na sponji na wavu wa kupitisha hewa. Si anasa. Mtoto akitoka Bamburi na begi lililobana mgongo bila upenyo, anafika darasani shati limelowa na daftari lililo nyuma kabisa limepata jasho.

## Hatua ya 5: Nenda sokoni, mapema na asubuhi

Mapema ya siku na mapema ya msimu. Siku mbili za mwisho kabla ya shule kufunguliwa mji haupitiki kuanzia Marikiti mpaka Mwembe Tayari, bei zimepanda, mazuri yashachukuliwa, na hakuna muuzaji atakayekuvumilia ukipima pima.

Mtumba wa Kongowea una mabegi ambayo mapya yake huwezi kuyagusa kwa bei, na mengi yana mshono wa maana. Lakini kagua pembe za chini, ndizo zinazoisha kwanza, na nusa. Harufu ya kuvu iliyoingia kwenye sponji haitoki kwa kufua hata ufue mara kumi. Weka kiganja ndani kama nilivyosema. Begi jipya la dukani lina faida moja kubwa, unaweza kurudisha likikatika wiki ya kwanza, ila uliza kabla ya kulipa na uchukue risiti, au hakikisha malipo yako ya M-Pesa yanaonyesha jina la duka.

Majina makubwa usiyafuate. Soma herufi moja moja, utakuta moja imeongezwa au imegeuzwa. Feki si lazima liwe bovu, lakini usilipie jina ambalo halipo.

Begi la magurudumu pita nalo mbali. Mchanga wa mtaani unajaa kwenye ekseli, ngazi za shule zinalivunja, na kwenye mteremko wa feri linawagonga watu visigino.

## Hatua ya 6: Jaribio la unga

Hapa usiwe na haya. Mwombe muuzaji kwa adabu, "bro, naomba nijaribu na mzigo", utie pakiti zako mbili, chupa ya maji na lile daftari. Wengi watacheka na kukubali. Anayekataa kabisa amekwambia anachokijua kuhusu begi lake.

Daftari. Liingie bila pembe kukunjika na zipu ifunge bila kusukuma. Likikunjika hapa, kila daftari litakunjika mwaka mzima.

Mishono ya mikanda. Angalia pale mkanda unapoingia juu ya begi, na pale chini kwenye pembe. Mabegi mengi hufia hapo. Unatafuta mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake, au mistari miwili mitatu iliyorudiwa. Ukiona mstari mmoja tu, ujue kitakachoshika kilo tano ni uzi mmoja. Tia simu ndani tochi ikiwaka, funga, tazama kwa nje kwenye kivuli: mwanga ukipenya kwenye mishono kama nukta kubwa kubwa, sindano imekichana kitambaa na mvua itapitia hapo hapo.

Kunyanyua. Shika mkanda mmoja, nyanyua begi lenye kilo tano, lirushe juu kidogo ulidake kwa mkanda ule ule, mara kadhaa. Rudia mkanda wa pili. Rudia kishikio cha juu, manake wanafunzi hushika hicho zaidi ya mikanda. Sikiliza. Ukisikia "kra", weka chini, shukuru, ondoka.

Zipu. Ifungue na kuifunga begi likiwa limejaa, na kwenye kona uende polepole. Zipu ya nailoni ya kujisokota inafaa zaidi huku kuliko ya meno ya chuma. Geuza kichwa cha zipu uangalie nyuma, mara nyingi kuna namba: 8 au 10 ni nzuri kwa mfuko mkubwa, 5 iachie mifuko midogo. Vichwa viwe viwili, kimoja kikikufa kingine kinakuvusha mpaka ufike kwa fundi.

Mikanda begani. Upana wa kama sentimita 5 hivi, sponji nene isiyobonyea mpaka ukahisi kidole chako upande wa pili. Mwembamba unakata bega.

Mtoto avae. Mikanda yote miwili. Atembee mpaka duka la tatu na kurudi, apande ngazi kama ipo, akae kwenye stuli. Usimuulize "ni zuri?" kwa sababu atasema ndio, rangi imempendeza. Muulize linamuuma wapi. Msichana anayevaa mtandio au hijabu auvae pamoja na begi siku hio hio, mkanda ukipita juu ya mtandio unauvuta nyuma siku nzima, kwa hivyo mikanda ivaliwe kwanza na mtandio uteremke juu yake, mabega ya begi yasiwe na pete za kunasa kitambaa. Kamba ya kifuani ni nzuri kwa kutuliza begi lakini kwa wasichana pahali inapopita ni muhimu, aamue mwenyewe, na kama haipandi haishuki heri begi lisilo nayo.

Begi likipita yote haya sasa ndio mnaanza kuzungumza bei, si kabla. Ukishaonyesha umelipenda kabla ya kulikagua, punguzo limekupita.

## Hatua ya 7: Pitia kwa fundi kabla ya siku ya kwanza

Hatua hii karibu hakuna anayeifanya, na ndio nafuu kuliko zote.

Peleka begi jipya, jipya vile vile, kwa fundi viatu. Fundi viatu, si cherehani ya nguo, manake yeye ana sindano nene na uzi wa nailoni. Mwambie arudie sehemu tano: juu ya mkanda wa kulia, juu ya wa kushoto, chini pembe zote mbili, na kishikio. Mwambie asitoboe pahali pale pale mashine ilipopita, atoke kidogo pembeni, matundu yakikaribiana sana kitambaa kinachanika kwa mstari.

Ncha za mikanda ya nailoni zinazofumuka zipitishie moto wa kiberiti kidogo tu zigande. Afanye mtu mzima, na nje ya nyumba.

Zipu isugue na sabuni ya mche kavu au mshumaa pande zote mbili, ifungue na kuifunga mara kadhaa, futa mabaki. Itateleza na chumvi haitashika haraka.

Jina la mtoto liandike kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani. Nje usiandike, mtu asiyemjua asije akamwita kwa jina barabarani.

Ukivuta mkanda kwa nguvu zako zote na mshono ukakaa kimya, hapo sawa.

## Hatua ya 8: Kupakia na kuvaa

Vizito vikae karibu na mgongo: vitabu vikubwa, kamusi. Madaftari yafuate. Vyepesi mbele. Chupa ya maji mfuko wa pembeni, wima, kifuniko ukakijaribu kwa kuigeuza juu ya sinki kwanza. Chakula kiwe na mfuko wake. Mchuzi wa samaki ukimwagikia daftari la kemia, daftari halipati nafuu tena.

Mtoto anayetoka shule na kupitiliza madrasa, juzuu au msahafu ukae mfuko wa juu peke yake, safi, usichanganyike na viatu vya gemu. Chagueni begi lenye mfuko huo tangu mwanzo.

Mikanda ikazwe mpaka begi liguse mgongo wote, kitako kikae kiunoni. Vijana wanapenda kuliachia lining'inie chini, ndio staili. Usipoteze sauti yako kila asubuhi, kata ncha ya mkanda ibaki urefu wa kutosha tu, uichome kidogo, uipinde na kuishona, hautarefuka tena. Ila acha nafasi ya sweta ya msimu wa Julai.

## Njiani: feri, matatu, boda na mvua

Feri ya Likoni asubuhi watu wamebanana, begi livaliwe kifuani mpaka ng'ambo. Nauli na ufunguo vikae mfuko uliojificha upande wa mgongoni, kama begi halina, fundi anaweza kuutia. Kwenye matatu alivue kabla ya kupanda na alipakate. Tuktuk vile vile, mapajani, si kulining'iniza pembeni.

Boda ni hatari ya kweli. Kamba yoyote ndefu inayoning'inia inaweza kuingia kwenye tairi au mnyororo. Kabla ya kupanda, kamba zote zifungwe au zichomekwe. Hili mwambie mtoto na umrudie.

Mvua: Aprili na Mei hakuna begi la kuaminika asilimia mia, zipu zote hupitisha. Zamani tungetia vitabu kwenye juala, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017. Nunua kifuniko cha mvua cha begi, na vitu vya karatasi muhimu vikae ndani ya faili ya plastiki yenye kifungo. Kutest begi, limwagie maji kikombe kimoja kwa juu likiwa na gazeti ndani, subiri dakika kumi. Gazeti likiwa kavu, mvua ya kawaida begi linaimudu.

## Wa bodingi

Mahitaji yake ni mengine. Vitu vingi vinakaa kwenye sanduku, begi la mgongoni ni la bweni mpaka darasani na la kusafiria likizo. Hapo lita 25 zinatosha, pesa zilizobaki weka kwenye sanduku na kufuli nzuri. Sanduku la bati kagua kitako na bawaba, na upake rangi ya kuzuia kutu kwenye mikwaruzo yote kabla ya kuondoka, haswa kama shule iko huku Pwani. Kufuli ya shaba inastahimili chumvi kuliko ya chuma. Funguo mbili: moja kwa mtoto, moja nyumbani kwako.

## Kulitunza, na likiharibika

Ijumaa jioni begi limwagwe lote, litikiswe mchanga, liachwe wazi usiku mzima. Nguo za gemu zilizolowa zisilale ndani hata siku moja, kuvu huku haichelewi.

Kufua ni kwa mkono, maji ya kawaida na sabuni ya unga kidogo, brashi laini. Usiliroweke usiku kucha na usitie jiki. Likaushwe kivulini penye upepo, limepinduliwa kichwa chini, mifuko yote wazi. Jua kali linafubaza rangi na kukausha plastiki za mikanda mpaka zinavunjika.

Zipu ikianza kufunga nyuma na kufunguka mbele, meno bado mazima mara nyingi, ni kichwa kimelegea. Chukua koleo, bana kichwa pande zote mbili kidogo, kidogo kweli, jaribu, bana tena. Ukibana mara moja kwa nguvu kinavunjika. Isiposhika, fundi atabadilisha kichwa peke yake, huna haja ya zipu nzima, na ukiambiwa ni lazima zipu nzima uliza fundi wa pili.

Mkanda uking'oka na kitambaa kimechanika, kushona juu ya tundu hakutasaidia. Mwambie fundi aweke kiraka cha turubai ndani na nje, kipana kuliko tundu, ndio ashone mkanda juu yake. Pembe ya chini ikitoboka, kiraka hicho hicho. Lakini pakao la ndani likianza kubanduka hakuna fundi wa kulirudisha, toa vitabu, begi libaki la kubebea viatu vya mpira.